Swali Nililomuuliza Binti wa Mdogo Wangu

Binti wa mdogo wangu alitoka kwenye chumba cha kupimia unyevu akiwa na sinia tupu mkononi, akaja kusimama mezani karibu yangu, akaanza kuchagua kahawa. Hakuna aliyemwambia achague. Manyunyu yalikuwa yameanza na kila mwanamke pale mtamboni alikuwa anakimbia na ncha ya turubai, tunafunika meza kabla kahawa haijalowa. Yeye alikuwa anatoa punje mbovu, moja moja, anaziweka pembeni, utadhani jua linawaka.

"Shika huku," nikamwambia. "Inalowa."

Hakushika. Akasema bila kuinua macho, "Mama mkubwa, meneja kanishika."

"Kakushika wapi?"

Akaweka kiganja kifuani, akakiondoa haraka. "Kafunga mlango. Kanibana ukutani, kanishikashika. Kasema nikitaka kubaki kazini msimu ukiisha, najua cha kufanya."

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimvuta nikamkumbatia, au kwamba nilikwenda nikaugonga mlango ule. Nilichofanya ni kumuuliza, tena kwa sauti ya kumkaripia, "Na wewe ulifuata nini mle ndani peke yako?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Si umenituma wewe?"

Ilikuwa kweli. Robo saa kabla, meneja alikuwa ametokeza kichwa mlangoni akapiga kelele kwamba anataka sampuli upesi, gari linaondoka. Mwenzake wa kwenda naye alikuwa juu ya meza anafunga kamba. Nikamwambia yeye, "Peleka wewe," nikarudi kwenye turubai langu.

Upande wa pili wa meza alikuwapo jirani yangu, mwanamke tuliyesali naye jumuiya moja kwa miaka mingi. Swali langu alilisikia. Jibu, sijui kama lilimfikia. Ninachojua ni kwamba kilichotoka mtamboni jioni ile kikaenda mitaani kilikuwa lile swali peke yake.

Mtambo wenyewe ulikuwa wa chama cha msingi cha wakulima, kwenye mabonde ya juu ya Mbinga, ambako kahawa ndiyo shule, ndiyo bati, ndiyo mahari. Wakulima walileta kahawa mbivu, mashine ikaimenya, ikaoshwa, kisha ikaja kwetu wanawake tuianike kwenye meza za waya na kuichambua mpaka ikauke. Mimi nilikuwa msimamizi wa wanawake wa mezani. Kazi hiyo niliifanya misimu tisa. Mimi si mzaliwa wa kule juu. Nimezaliwa Kihagara, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nikaolewa milimani, nikaacha Uanglikana wa kwetu nikaingia kwa Wakatoliki wa mume wangu, nikazoea baridi na magimbi. Mdogo wangu alibaki ziwani. Alipofariki, binti yake alikuwa amemaliza chuo cha ualimu na kukaa nyumbani miaka miwili akisubiri ajira ambazo hazikutoka. Nikamwambia shemeji yangu, baba yake, "Nipe mtoto, aje afanye msimu huu na mimi. Atakuwa mikononi mwangu." Alikuwa na miaka ishirini na minne, lakini kwetu huyo bado ni mtoto, na nilisema maneno hayo mbele ya watu.

Kuna jambo ambalo sikumwambia shemeji.

Miaka saba kabla ya hapo, mimi mwenyewe niliingia chumba kile na sinia la sampuli. Meneja alikuwa ni huyuhuyu, bado mgeni, tunamsifia kwa adabu yake na kwa jinsi anavyowasalimia wazee. Alisukuma mlango kwa mguu. Sitaeleza zaidi, mikono ya mwanamume inajulikana inavyokwenda. Nilikuwa na nguvu za kubeba magunia, nikampiga kikumbo, nikatoka. Hakunifukuza kazi. Aliendelea kunisalimia, "Habari za asubuhi, mama," na mimi nikaitikia nzuri. Mume wangu sikumwambia. Padri sikumwambia. Nilichofanya ni kuweka utaratibu: sampuli ipelekwe na watu wawili, mmoja abebe sinia, mwingine aandike namba ya unyevu. Nikawaambia wanawake kwamba ni kwa ajili ya kumbukumbu. Baadhi yao walinitazama vizuri nilipokuwa nasema hivyo, wakanyamaza, na mimi nikanyamaza.

Kwa miaka yote hiyo nilijiona mwerevu. Nilikuwa nawasikia wanawake wakilalamika juu ya wanaume na moyoni nasema, mtu anajilinda mwenyewe. Mbona mimi nimejilinda.

Jioni ile nyumbani nilimchemshia maji ya kuoga, nikamsubiri atoke, nikampa ushauri wa aina ninayoijua. "Msimu umebaki wiki sita. Usiingie tena kule. Mimi nitahakikisha huingii."

"Nataka kusema, mama mkubwa."

"Useme wapi?"

"Kwa mwenyekiti wa bodi. Na polisi, kwenye dawati la jinsia."

"Nani aliona?"

"Hakuna aliyeona. Mlango alifunga."

"Basi."

Akakausha nywele. Halafu akasema, "Chuoni tulifundishwa kuwafundisha watoto waseme. Nitawafundisha nini kesho nikipata ajira?"

Alikwenda. Alishuka mjini kwa pikipiki asubuhi yake, hakuniaga. Pale dawatini alikuta askari wa kike ambaye alimsikiliza vizuri, akaandika kila kitu, akamwambia ukweli: shauri kama hili linahitaji watu, kama kuna mwingine aliyewahi kufanyiwa hivyo au aliyeona chochote, aje. Alirudi ananieleza hayo kwa matumaini. "Mama mkubwa, unamjua mwingine yeyote? Wewe umekaa pale siku nyingi."

Nilikuwa nasonga ugali. "Simjui," nikasema.

Kwa bodi alikwenda pia. Meneja alipoitwa alijibu kwa upole kwamba binti aliomba ajira ya kudumu, akakataliwa kwa kuwa nafasi haipo, ndipo akazua. Alisema anamwonea huruma. Alisema ana mabinti nyumbani kwake.

Baada ya hapo mji wote ulikuwa na maoni. Bombani, sokoni, kwenye mazoezi ya kwaya, kwenye kundi la wasap la wazazi wa shule, watu wakawa mahakimu. Sitaki kusema wote walikuwa wabaya. Kulikuwa na mama mmoja mwenye duka la pembejeo ambaye mtoto wake wa kiume aliwahi kusingiziwa, akakaa rumande, akatoka si yule aliyeingia; huyo alisema, "Mimi siwezi kumhukumu mtu kwa neno la mdomo," na niliona machozi yake ni ya kweli. Wengine walisema mwajiri mwenye madaraka hana haki ya kumgusa mfanyakazi hata kama amejileta mwenyewe. Lakini wengi walizunguka wakarudi palepale: mwanamke naye ana wajibu wake. Alivaa nini. Kwa nini hakupiga kelele. Kwa nini alichagua kahawa kwanza ndipo akasema. Wengine walisema mabinti wa ziwani ndivyo walivyo, wamezoea kuoga ufukweni, hawana haya. Hilo lilisemwa hata mbele yangu, na waliosema walisahau kwamba mimi pia nimeoga ufuko huohuo.

Jumamosi moja mchana tulikuwa tunakula, mimi, mume wangu na yeye, redio iko juu ya kabati. Redio ya mjini ilikuwa na kipindi cha wasikilizaji kupiga simu, na mada ya siku hiyo ilikuwa rushwa ya ngono kazini, na je, mhanga naye abebe sehemu ya lawama. Hawakutaja mahali wala mtu. Haikuhitajika. Akapiga mwanamume mmoja, sauti ya mtu mzima anayependa kujisikia. Akasema, "Mtangazaji, hebu tuwe wakweli. Hata mama yake mkubwa, aliyemleta mwenyewe, alimuuliza palepale: ulifuata nini mle ndani peke yako? Sasa kama wa damu yake anauliza hivyo, sisi wa mbali tuseme nini?"

Mume wangu aliacha kutafuna. Nilinyanyuka nizime.

"Acha tu," binti akasema. "Nataka kusikia." Akamega tonge, akachovya kwenye mboga, akala. Kipindi kilipoisha alikusanya sahani zote akaenda kuziosha. Hakunisema. Afadhali angenisema.

Wiki iliyofuata bodi iliitisha mkutano wa wanachama na wafanyakazi ndani ya ghala. Walisema ni kwa ajili ya kuondoa maneno. Watu walikaa juu ya magunia, wengine walisimama mpaka nje. Binti alipewa nafasi, akasimulia kwa ufupi, sauti yake ikawa ya darasani, kila neno mahali pake. Nadhani hilo lilimharibia, walitaka alie. Mzee mmoja akasema, "Mbona anasimulia kama amekariri?"

Kisha meneja akasimama. Alikuwa amevaa sweta la kijivu na kofia ameishika mkononi. Aliwasalimia wazee shikamoo, akaomba radhi kwa usumbufu. Halafu akageukia upande wetu, wanawake wa mezani, tuko thelathini na kitu, tumekaa pamoja na vitenge vyetu mabegani kwa baridi.

"Nimefanya kazi na akina mama hawa miaka saba," akasema. "Wao ndio wanaonijua. Kama yupo hapa niliyewahi kumgusa, namwomba kwa heshima asimame, aseme mbele ya wote."

Wawili kati yetu waliinamisha vichwa. Mmoja alikuwa mjane, amekaa nyuma kabisa. Mwingine aliyekaa pembeni yangu alianza kuvuta uzi wa kitenge chake, anauvuta, anauvuta. Na binti wa mdogo wangu, amesimama pale mbele peke yake, alinitazama. Hakuwa anajua chochote. Alinitazama kwa kuwa mle ndani ndugu yake nilikuwa mimi tu.

Nimejiuliza sana nilihofia nini. Si kazi, maana nisingekufa njaa. Nafikiri nilimhofia mume wangu aliyekuwa ameegemea mlango. Nilihofia wale wanawake ambao nimewasimamia kwa ukali miaka tisa watajua kwamba na mimi nilibanwa ukutani. Na nilihofia swali langu lenyewe. Nilijua nikisimama tu, kuna mtu ataniuliza mimi nilifuata nini. Miguu ilikuwa mizima. Sikusimama.

"Nashukuru," meneja akasema, akakaa.

Mwenyekiti akafunga mkutano kwa kutuhimiza umoja, na kuwakumbusha mabinti wajitunze. Watu walipiga makofi, si ya nguvu.

Tulirudi nyumbani tumefuatana, yeye mbele, mimi nyuma, kwenye njia inayopita kati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Mume wangu alibaki na wenzake. Tulipofika jikoni nilimwambia. Sijui kwa nini nilichagua saa ile, wakati haikuwa na faida tena kwa mtu. Nilimwambia yote, sinia, mlango, kikumbo, utaratibu wa watu wawili.

Alinisikiliza akiwa amesimama. "Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu unakuja kunichukua kwa baba."

"Nilidhani nitakulinda. Niliweka utaratibu..."

"Sababu ya utaratibu uliijua wewe peke yako." Alisema hivyo bila kupaza sauti. "Mimi nilidhani ni wa kuandika namba. Ungeniambia, mama mkubwa. Ungeniambia tu, siku ya kwanza, usiingie mle peke yako, yule mtu yuko hivi. Neno moja."

Nikainamia jiko, nikaanza kupanga kuni.

"Na leo umekaa," akasema. Akaingia chumbani kufunga begi. Alfajiri alipanda kosta ya kwanza kwenda Mbamba Bay, kule ziwani. Nilimsindikiza hadi stendi, akaniachia nibebe begi, na nilipolikabidhi alisema asante kama anavyomwambia kondakta.

Siku ya tatu nilikwenda kituoni. Mume wangu nilimwambia kwanza, usiku wa kuamkia siku hiyo, na hakuniuliza kilichotokea mle chumbani. Aliuliza jambo moja: "Miaka saba unakula na mimi sahani moja?" Kisha akaenda kulala kwenye chumba cha watoto wetu waliokwisha kujitegemea, na akalala huko mpaka Krismasi.

Yule askari wa dawatini aliandika maelezo yangu taratibu. Alipofika mwisho akaweka kalamu. "Mama, nitakuuliza kwa sababu watakuuliza na huko mbele. Kwa nini hukusema wakati ule?"

"Niliona aibu."

"Na wakati wa mkutano?"

"Niliona aibu."

Akaandika. Nilisaini.

Habari zilifika mtamboni kabla yangu. Katibu wa chama alinipokea kwa heshima zote, akaniambia msimu unaelekea ukingoni, nipumzike, wataniita mwakani. Hawakuniita. Jirani yangu wa jumuiya alikuja nyumbani na mchicha, akakaa, akasema watu wanasema nimemtungia meneja ili nimsafishe mtoto wa ndugu yangu. "Mbona hukusema siku zote hizo?" akaniuliza, na sikuona hila usoni mwake. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nilimtazama nikajiona mimi mezani, nimeshika turubai.

Mjane alikuja wiki moja baadaye, akapitia mlango wa nyuma. Yake yalikuwa mabaya kuliko yangu na kuliko ya binti. Yeye hakuwa na nguvu za kikumbo, na alikuwa na watoto wanne wa kulisha. Alinisimulia akiwa amemshika kuku aliyeniletea, hakumweka chini mpaka alipomaliza. Nilimwomba twende pamoja kituoni.

"Wewe una mume na shamba," akasema. "Mimi kazi ile ya msimu ndiyo chakula." Nikamwelewa. Nilimwambia namwelewa. Yule mwingine, aliyekuwa anavuta uzi, hakuja kabisa, na tukikutana njiani anavuka upande wa pili.

Faili lilikwenda, likarudi kutafutiwa ushahidi zaidi, na ushahidi zaidi ulikuwa umekaa kwenye meza za waya unachambua kahawa. Meneja hakupatikana na hatia kwa kuwa hakufikishwa mbele ya yeyote wa kuamua kama ana hatia au hana. Msimu ulipoisha alihamia mtambo mwingine, mbali na Mbinga, kwa cheo kilekile. Wanachama walimchinjia mbuzi wa kumuaga. Nilisikia nyimbo kutoka nyumbani kwangu. Huko alikokwenda nako kuna meza, na kuna wanawake, na sina namba ya simu ya hata mmoja wao.

Mwezi wa Februari nilishuka ziwani kumwona binti. Alikuwa Lipingo kwa ndugu za baba yake, anaanika usipa kwenye majani makavu ufukweni. Usipa ni dagaa wetu wa kule, ukiuacha bila kuugeuza unaoza upande wa chini. Aliponiona aliinuka, akapiga goti. "Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Akaniletea kigoda na maji ya kunywa. Sikukaa, nikaanza kugeuza naye. Tulifanya kazi mpaka jua likawa la utosi. Nilimwambia nimekwenda kituoni, nimeandikisha.

"Nilisikia."

"Nilitaka ujue."

"Nimejua." Akaokota usipa uliodondokea mchangani, akaukung'uta. "Nashukuru, mama mkubwa. Lakini hiyo umeandikisha ya kwako. Ya kwangu ilikuwa siku ile ghalani."

Nikaanza kusema nisamehe. Nilisema vibaya, nikachanganya Kiswahili na Kinyasa, nikalia. Aliniacha nimalize. Wanawake wengine wa pale walijifanya hawaoni.

"Sina hasira," akasema mwishowe. "Nimechoka tu kuongelea. Kila mtu akinitazama anataka nimsaidie kujisikia vizuri."

Alinipa chakula, ugali wa muhogo na samaki wa mbasa, akaninawisha mikono. Nilipoaga alinifungia usipa kwenye mfuko nipeleke nyumbani. Baba yake hakuwapo, alikuwa majini. Nilimuuliza kama baba anajua kisa. Akasema anajua kwamba msimu uliisha mapema.

Mwaka uliofuata ajira za walimu zilitoka. Hakunipigia. Shemeji ndiye aliyepiga, mtandao unakatika, upepo wa ziwani unasikika kwenye simu. Alisema mtoto kapangiwa shule mkoa wa mbali, amekwisha kuondoka na godoro lake, na yeye kama mzazi ameona asikae kimya.

"Dada," akasema, "mama yake hayupo, lakini wewe ulimshika mkono. Kule kwako ndiko alikokomaa. Mungu akulipe."

Nilikuwa nimesimama uani na ufagio. Nilimwambia, "Ahsante, shemeji." Akaniuliza habari za huku juu, nikamwambia mvua imeanza vizuri.